Plau ya Kufaa Trekta Dogo: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Mimi ni mkaazi wa Likoni, na nina shamba la ekari saba huko Matuga nililoachiwa na marehemu babangu. Mwaka jana nilinunua trekta dogo la mtumba lililotoka Japani, la nguvu za farasi 24, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Karatasi zake zinaonyesha kwamba uzito wake ni kilo 980. Miaka yote tumekuwa tukikodi trekta kubwa la diski tatu, na kila masika tunalisubiri hadi wakati wa kupanda unatupita. Sasa nataka plau yangu mwenyewe. Muuzaji mmoja wa hapa mjini ananishauri nichukue diski mbili, mwengine ananiambia bamba mbili, naye jirani yangu ashikilia kwamba trekta kama hili halilimi kitu. Nusu ya shamba ni kichanga, na nusu ya chini, kuelekea bondeni, ni udongo mzito unaonasa miguu wakati wa mvua. Hupanda mahindi, kunde na muhogo. Nichukue plau gani? – Msomaji wa Likoni.

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Umefanya jambo la maana sana kutuandikia uzito wa trekta lako, kwa sababu wengi wanaotuuliza swali hili hututajia nguvu za farasi peke yake, na nguvu za farasi ndizo zinazowapoteza. Plau haivutwi na injini. Inavutwa na tairi iliyoshika ardhi, na tairi hushika ardhi kwa kadiri ya uzito ulioikalia. Trekta dogo likishindwa kulima, mara nyingi injini bado ina nguvu ya kutosha, lakini magurudumu yanazunguka pale pale na kuchimba mashimo.

Tupige hesabu ya shamba lako. Plau ya bamba moja ya inchi 12, yaani ile yenye ubao wa chuma uliopinda unaoinua udongo na kuulaza ubavu, hukata mfuo wenye upana wa sentimita 30 hivi. Ukilima kwa kina cha sentimita 18, ambacho kinatosha kabisa kwa mahindi na kunde, plau inakata eneo la sentimita 540 za mraba. Katika kichanga, kila sentimita ya mraba hudai mvuto wa kadiri ya gramu 300, na jumla yake ni kama kilo 160. Katika udongo mzito wa bondeni, kila sentimita huweza kudai gramu 800 au zaidi, na jumla ikapanda hadi kilo 430. Trekta la kilo 980 linalovuta kwa magurudumu manne, likiwa juu ya ardhi iliyo imara, huweza kuvuta kadiri ya nusu ya uzito wake kabla halijaanza kuteleza vibaya, nawe utaona kwamba kilo 430 zimekaribia sana mpaka huo. Basi aliyekushauri bamba mbili anakuuzia plau itakayokwenda vizuri kichangani na kukwama bondeni, kwa kuwa hapo mzigo utapindukia kilo 800. Chukua bamba moja.

Kuhusu diski mbili, yaani plau ya sahani za chuma zinazozunguka, naomba nikueleze nilichokiona kwa macho yangu, kwa maana ushauri huu wa diski hutolewa kwa nia njema na watu waliozoea matrekta makubwa. Nilikuwa shambani kwa rafiki yangu upande wa Mtwapa, mwezi wa Februari, ardhi imekauka na kuwa ngumu kama sakafu. Trekta lake lilikuwa dogo kuliko lako kidogo, na nyuma lilikuwa na plau ya diski mbili. Alipoishusha, diski zilizunguka juu ya ardhi zikaacha michirizi miwili ya kina cha kidole, basi. Akafunga mfuko wa mchanga juu ya plau, diski zikaingia kidogo. Akaongeza wa pili, na alipofika mwisho wa shamba akainua plau ili ageuze, magurudumu ya mbele yakaondoka ardhini, usukani ukawa mwepesi mikononi mwake, na trekta likaendelea kwenda moja kwa moja kuelekea ukuta wa jirani. Alilizima kwa wakati, alhamdulillahi.

Sababu yake ni kwamba plau ya bamba na plau ya diski haziingii ardhini kwa njia moja. Ncha ya plau ya bamba imeelekezwa chini, na trekta linapovuta, ncha yenyewe inajivuta ndani ya udongo. Kwa hiyo plau hiyo yaweza kuwa nyepesi na bado ikalima. Diski haina ncha ya kujivuta. Inaingia kwa kulemewa na uzito wa fremu yake, na ndiyo maana plau za diski tatu tulizozizoea, zile zinazokokotwa na matrekta makubwa ya kukodi, mara nyingi hupita kilo 300. Ukiifanya nyepesi ili trekta dogo liweze kuinyanyua, haiingii. Ukiifanya nzito ili iingie, trekta haliwezi kuinyanyua salama. Sisemi kwamba diski ni mbaya. Katika shamba lenye visiki na mizizi mikubwa, diski hupanda juu ya kisiki na kuteremka ng'ambo bila kuvunjika, na kwa ardhi kavu iliyo ngumu hakuna plau inayoishinda, mradi trekta lina uzito wa kuibeba. Lako halina.

Hata hivyo bamba ina adui wake, na wewe mkulima wa Pwani unamjua: visiki na mawe. Kama shamba lako lina visiki vya minazi ya kale au mikorosho iliyokatwa, ving'oe kwanza, au vitie alama za miti mirefu unayoweza kuiona ukiwa kitini. Vilevile wenye mashamba karibu na bahari, kuanzia Tiwi hadi Diani, wajue kwamba chini ya udongo wao mwembamba pana mwamba wa matumbawe, na ncha ya plau ikigonga tumbawe kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa, kitu lazima kivunjike. Nunua plau yenye bolti maalumu ya kukatika, ile iliyowekwa makusudi ikatike yenyewe kabla fremu haijapinda, na uweke bolti za akiba katika kisanduku cha trekta. Usibadilishe bolti hiyo kwa bolti ngumu zaidi eti kwa sababu hii inakatika kila mara. Inayokatika kila mara inakueleza jambo kuhusu shamba lako.

Sasa vipimo, na hapa nakusihi uende dukani ukiwa na kipimo mkononi. Mikono mitatu ya nyuma ya trekta, miwili ya chini na mmoja wa juu, ina madaraja yake. Trekta la kadiri ya lako kwa kawaida huwa la daraja la kwanza, ambapo pini za mikono ya chini zina kipenyo cha milimita 22 na ya juu milimita 19. Daraja la pili, la matrekta makubwa, lina pini za milimita 28 na 25. Madogo zaidi, chini ya nguvu za farasi 20, mara nyingine huwa na pini za milimita 16. Usiridhike na pini peke yake, pima na upana. Plau ya daraja la kwanza hupokea mikono ya chini ikiwa imeachana kwa kadiri ya sentimita 68, ilhali ya daraja la pili hutaka sentimita 82 au zaidi. Nimeona watu wakilazimisha mikono ifunguke zaidi ya ilivyoundwa, na plau ikawa inakwenda upande kama kaa.

Kipimo kingine ambacho wauzaji hawakitaji ni upana wa tairi ya nyuma. Ukilima kwa bamba, magurudumu ya upande wa kulia hupita ndani ya mfuo uliokatwa raundi iliyotangulia. Tairi ikiwa pana kuliko mfuo, itapanda juu ya udongo uliokwisha pinduliwa na kuushindilia tena, na kazi yako ikawa bure. Tairi ya inchi 9.5 huingia vizuri katika mfuo wa inchi 12. Kama trekta lako lilikuja na tairi pana za bustani zenye meno mafupi, fikiria kubadilisha tairi kabla hujafikiria plau, kwa kuwa meno hayo hujaa udongo bondeni katika dakika tano za kwanza.

Ukitaka kuongeza uzito bila kununua vyuma, tia maji ndani ya tairi za nyuma. Unaliinua trekta kwa jeki, unazungusha gurudumu mpaka valvu iwe juu kabisa, kisha unajaza maji hadi usawa wa valvu, yaani robo tatu ya tairi, na sehemu iliyobaki unaijaza upepo. Tairi ya kadiri niliyoitaja huchukua lita 80 hivi, kwa hiyo magurudumu mawili yatakupa takriban kilo 160 za nyongeza mahali hasa zinapohitajika. Katika nchi za baridi wakulima hulazimika kuchanganya dawa ili maji yasigande. Sisi Mungu ametuepushia gharama hiyo, lakini yasiwe maji ya bahari, wala ya kisima chenye chumvi, kwa sababu rimu zitaliwa na kutu kutoka ndani na hutajua mpaka siku zitakapopasuka. Na kwa kuwa uzito wa nyuma hupunguza ule wa mbele, hakikisha kwamba unapoinua plau, angalau sehemu moja kati ya tano ya uzito wa trekta inabaki juu ya magurudumu ya mbele. Ikiwa haibaki, funga vyuma vya uzito mbele.

Kuna jambo la haidroliki, yaani nguvu ya mafuta inayoinua mikono ya nyuma, ambalo ni lazima ulijue kabla hujalipa pesa. Mwaka 1939 trekta la Ford 9N lilipotoka na mfumo wa Harry Ferguson wa mikono mitatu, siri yake kubwa ilikuwa kwamba haidroliki ilihisi plau inavyovutika, ikaiinua kidogo udongo ulipokuwa mgumu na kuishusha ulipolegea, na mzigo wa plau ukageuka kuwa uzito wa kukandamiza magurudumu ya nyuma. Matrekta mengi madogo ya Kijapani hayana uwezo huo. Kwa kuwa yameundwa hasa kwa mashine za kusaga udongo katika mashamba ya mpunga, wenzo wake hushikilia plau mahali pamoja tu, na trekta likipanda kituta, plau inainuka, likishuka shimoni, inazama. Dawa yake ni gurudumu dogo la kupimia kina, linalofungwa ubavuni mwa plau na kutembea juu ya ardhi isiyolimwa. Uliza plau yenye gurudumu hilo. Kwa shamba lako lenye mteremko wa kuelekea bondeni, ningelilipia hata kama lingeongeza bei.

Siku ya kwanza usianze bondeni. Anza kichangani, kamba imevutwa moja kwa moja, na raundi ya kwanza ulime nusu ya kina. Raundi ya pili, gurudumu la kulia likiwa limeshuka ndani ya mfuo, trekta litainama. Hapo ndipo ufupishe fimbo inayoinua mkono wa chini wa kulia mpaka fremu ya plau iwe sambamba na ardhi, ingawa wewe kitini umelala upande. Kisha tazama plau kutoka nyuma inapokwenda. Kama kisigino chake kinaelea na ncha inachimba, refusha mkono wa juu kidogo. Kama ncha haitaki kuingia, ufupishe. Zungusha nusu mzunguko, ulime hatua kumi, utazame tena. Plau iliyokaa sawa utaitambua kwa sauti, kwa maana injini inatulia kwenye ngurumo moja na udongo unamiminika juu ya bamba kama tui linapomwagwa chunguni.

Bondeni subiri siku yake. Chukua udongo kutoka kina cha shubiri moja, ukamue kiganjani, kisha uviringishe kati ya viganja. Ukitengeneza kamba nyembamba kama kalamu bila kukatika, udongo bado una maji mengi, na ukiulima utapata mabonge yatakayokauka yakawa matofali. Ukikatikakatika, lima siku hiyo hiyo, kwa sababu udongo wa namna hii hautoi nafasi ya siku nyingi. Na usije ukakosea ukadhani kwamba kazi itakwenda kwa kasi uliyoizoea kwa trekta la kukodi. Kwa mfuo wa sentimita 30 na mwendo wa kilomita nne na nusu kwa saa, ukitoa muda wa kugeuza, ekari moja itakuchukua saa nne hivi, na ekari saba ni saa 28, yaani siku nne au tano za kazi. Lakini ni siku unazozichagua wewe, mwezi wa Machi kabla ya masika, wala humsubiri mtu.

SWALI: Mhariri, nami ninalo trekta dogo, lakini lilikuja na rotaveta yake, ile mashine ya visu vinavyozunguka na kusaga udongo, kutoka huko huko Japani. Nalima Kaloleni, udongo wangu ni mwekundu wa kichanga. Kila msimu napitisha rotaveta mara tatu mpaka ardhi inakuwa laini kama unga, lakini mwaka huu maji ya mvua yalisimama juu ya shamba na mahindi yakawa manjano. Je, ninunue plau? – Mama wa Kaloleni.

JIBU: Mama, kabla hujanunua chochote, chimba shimo. Katikati ya shamba, kwa jembe la mkono, mpaka kina cha sentimita 40, kisha uchome ukuta wa shimo kwa kisu kutoka juu kwenda chini. Naamini kisu kitapita kwa urahisi sentimita 10 au 12 za juu, kisha kitagonga tabaka gumu, na chini yake kitapita tena. Tabaka hilo limetengenezwa na visu vya rotaveta vyenyewe, vinavyosugua mahali pale pale msimu baada ya msimu, na unga ule laini wa juu ukipigwa na mvua ya kwanza huziba matundu yote. Maji hayana pa kupita, na mizizi ya mahindi hukosa hewa.

Plau ya bamba ingelivunja tabaka hilo, lakini kwa udongo wako sikushauri kuupindua, kwa kuwa kichanga chekundu kina mboji kidogo nayo iko juu juu. Ukiizika chini, utakuwa umeutoa mtaji wako dukani. Nunua ripa ya jino moja, ambayo ni chuma chembamba kinachopasua ardhi bila kuigeuza. Ipitishe ardhi ikiwa kavu, kwa sababu ikiwa na maji jino hukata kama kisu kwenye sabuni wala halipasui pembeni. Lipeleke chini ya tabaka gumu kwa sentimita tano tu, na mistari yake iwe ile ile utakayopanda mahindi, ya kuachana sentimita 75. Rotaveta ibaki kwa bustani ya mboga, na hata huko upite mara moja, kwa mwendo wa haraka kidogo wa trekta, ili visu vitoe vipande badala ya unga. Mabua usiyachome. Yaache juu ya shamba.

SWALI: Mimi ni kijana fundi wa kuchomelea hapa Changamwe. Nimepata plau kuukuu ya diski tatu kwa bei ya vyuma chakavu. Nafikiria kukata diski moja, nibakishe mbili, niifunge kwenye trekta la mjomba wangu la nguvu za farasi 28. Itafaa? – Fundi, Changamwe.

JIBU: Haitafaa, kijana wangu, na nitakueleza kama fundi kwa fundi. Ukiondoa diski unapunguza mvuto, lakini fremu ile nzito ya plau inabaki karibu yote, na mikono ya trekta la mjomba wako ndiyo itakayoibeba. Uwezo wa kunyanyua ulioandikwa kwenye vitabu vya matrekta hupimwa mara nyingi kwenye ncha za mikono, au sentimita 61 nyuma yake, na plau ndefu hukaa na uzito wake mbali zaidi ya hapo, kwa hivyo uwezo halisi unapungua. Isitoshe, gurudumu la nyuma la plau hiyo, lile la chuma linalotembea mfuoni kwa kuinama, liliwekwa pale kupokea msukumo wa ubavuni wa diski zote tatu. Ukikata fremu bila kulisogeza na kulipima upya, plau itasukuma mkia wa trekta upande mchana kutwa.

Inunue hata hivyo, kama bei ni nzuri. Diski zake, zikiwa hazijaliwa sana, pamoja na beringi zake, zina wanunuzi miongoni mwa wenye matrekta makubwa. Kwa pesa utakazopata, mtengenezee mjomba wako fremu ya bamba moja au ya ripa kwa bomba la chuma la pembe nne, daraja la kwanza, pini za milimita 22. Ncha usiichonge mwenyewe kutoka chuma chochote ulicho nacho, inunue ya kiwandani iliyotiwa ugumu na uifunge kwa bolti, kwa sababu hiyo ndiyo itakayolika na kubadilishwa. Na jambo moja usilifanye hata mjomba akikuomba: usichomelee ndoano ya kuvutia visiki pale mkono wa juu unapofungwa. Ukivuta kutoka mahali palipo juu kuliko ekseli ya nyuma, trekta dogo huinuka mbele na kupinduka kinyumenyume juu ya dereva kabla hajawahi kukanyaga klachi. Ndoano ya kuvutia iwekwe chini, kwenye chuma cha kukokotea kilicho chini ya ekseli.